Opareta na Duka la Mikate

Alikuwa akipima kasi ya tovuti kwa mdomo. Alishika simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni, akabonyeza jina la duka, kisha akaanza kusema kwa ile sauti yake ya kazini ya zamani: "Habari za asubuhi, hapa ni simu kuu, nikuunganishe na nani?" Ukurasa ukifunguka kabla hajafika kwenye "nani", aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye chai yake. Akifika "nani" na kioo bado ni cheupe, mwenye duka alijua atapigiwa simu asubuhi hiyo hiyo.

Sisi wa mtaa wa Ziwani tulimwita Opareta, kwa sababu ujana wake aliumalizia mbele ya ubao wa simu katika ofisi moja kubwa mjini, akichomeka nyaya na kuunganisha wakubwa na wadogo. Jina lake la kanisani nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, na hata leo naona kama ni jina la mtu mwingine. Alikotoka na alikozaliwa sitasema, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mimi nilimkuta pale, nyumba ya pili kutoka kwetu, na kwangu hapo ndipo alipoanzia.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilikuja baada ya ule ubao kung'olewa. Alikuwa analinda tovuti za biashara ndogo ndogo. Kompyuta iliyokaa juu ya cherehani yake iliyokufa ilikuwa na programu iliyogonga mlango wa kila tovuti, tena na tena, mchana kutwa. Mlango ukiitikia, taa ya kijani. Usipoitikia, kengele. Kila biashara aliipa mlio wake: shule ya watoto ilikuwa na kengele ya mkono, karakana ya majeneza ilikuwa na nyundo, na duka la mikate la Majengo alilipa mlio wa simu ya kale, ile ya kukoroma. Alilipenda kuliko yote, ingawa angekwambia hapendelei.

Duka hilo ni la Mwanaisha na kaka yake Athumani, watu wenye asili ya pwani ambao familia yao imeoka mikate ya sinia, mahamri na kaimati hapa Nairobi tangu wazee wao. Wateja wengine wote wa Opareta, mmoja baada ya mwingine, walihamia kuuza kwa jumbe za simu na kuziacha tovuti zao. Lilibaki duka la mikate peke yake. Na kama Opareta alikuwa na hofu katika miaka hii ya mwisho, ni moja: siku ambayo hata Mwanaisha angemwambia asante mama, inatosha. Aliniambia hivyo waziwazi. "Wakinitoa hapo," alisema, "nitakuwa mama mzee tu anayekaa."

Hakuiamini taa ya kijani. Hilo ndilo lililomtofautisha na ile programu yake mwenyewe. Alisema taa inakwambia kwamba kuna mtu nyumbani, haikwambii kama amekufungulia. Kwa hiyo kila Ijumaa aliingia kama mteja. Alichagua mkate, akaandika jina, akaandika mtaa, akabonyeza mpaka mwisho, mpaka aone neno la shukrani. Ili watu wa dukani wasichanganyikiwe, alitumia jina la Bibi Jaribio, na aliagiza kiasi kikubwa cha ajabu, mikate ya sinia themanini, ili hata mtu aliye usingizini ajue hiyo si oda ya kweli.

Mpango huo ulifanya kazi vizuri mpaka Ramadhani moja dukani walipoajiri mwokaji mgeni kutoka Malindi. Mwanaisha alisahau kumwambia. Yule bwana aliona oda ya mikate themanini, Ijumaa, Ramadhani, akajiambia huyu Bibi Jaribio ni mtu wa Mungu, anafuturisha msikiti mzima. Akaoka. Akaoka vizuri, na iliki akaongeza.

Mimi nilikuwepo, nimeketi nje kwetu nikipiga soga na mlinzi wa geti, mkokoteni ulipoingia umefunikwa kwa shuka nyeupe. Harufu ilifika kabla yake. Mwenye mkokoteni aliuliza kwa Bibi Jaribio ni wapi.

"Hapa hakuna Jaribio," mlinzi akamwambia. "Jaribu Shauri Moyo."

"Buda, oda inasema Ziwani. Mimi sirudi na mzigo. Nimefunga, na nimesukuma hii kitu kutoka Majengo."

Opareta alitoka amejifunga leso kifuani. Aliutazama mkokoteni, akafunua pembe ya shuka, akaifunika tena polepole kama mtu aliyefunua kitoto kilicholala. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba Bibi Jaribio ni yeye.

Hakumlaumu mwokaji hata kidogo. Alimpigia Mwanaisha pale pale na kumwambia kosa ni lake, kwamba mtu akiagiza kwa uwongo asishangae akiletewa kweli. Mwanaisha, nasikia, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Athumani hakucheka. Mikate ilikwisha kugawanywa kabla ya adhana ya magharibi, nyumba kwa nyumba, Waislamu wakafuturu nayo, na wenzake Opareta wa kwaya ya kanisani wakaila kwa chai ya maziwa wakisema hii Ramadhani ni nzuri sana. Miaka iliyofuata, mwezi ukiandama, watu walikuwa wakimpungia mkono barabarani na kumuuliza Bibi Jaribio anaagiza lini. Alijifanya kukasirika. Tangu siku hiyo aliagiza mkate mmoja tu, na alikuwa akiununua kweli.

Sasa nieleze ukaidi wake, msije mkadhani nachora malaika. Mtu huyu aliyeshinda akigonga milango ya watu hakupenda mlango wake ugongwe. Ungegonga, ungebisha hodi, ungeona pazia likicheza, na asifungue. "Mwenye shida ataita jina," alisema. Alitaka kila ukurasa ufunguke upesi, lakini yeye mwenyewe kikombe kimoja cha chai kilimaliza taarifa ya habari nzima. Alilinda maduka ya mtandaoni na hakununua humo kitu chochote isipokuwa ule mkate wake wa Ijumaa. Nyanya alizifuata soko la Gikomba kwa miguu, akizibinya moja moja, na ukimkumbusha kwamba siku hizi zinaletwa mpaka mlangoni, alikuuliza nani atakuwa amezibinya.

Na hakumwuliza mtu hali. Sijui kama alijua jinsi ya kuuliza. Salamu yake ilikuwa, "Unasikika?" Ukisema ndiyo, basi, mmeshasalimiana.

Mimi niliingia katika kazi yake kwa sababu ya kosa lake kubwa zaidi. Stima ilipotea Ziwani yote, mchana wa jua kali. Kompyuta yake ilikuwa na betri, kwa hiyo haikuzima, lakini kile kisanduku cha intaneti ukutani kilizima. Programu ikaendelea kugonga milango bila barabara ya kufikia mlango wowote. Kengele zote zikalia kwa pamoja: kengele ya shule, nyundo, simu ya kale. Opareta hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Alidhani intaneti ya nchi nzima imeanguka. Akawapigia wote. Mwalimu mkuu wa ile shule alimtoa fundi wake kwenye mazishi. Athumani alikuwa kwa kinyozi, akatoka upande mmoja umenyolewa na mwingine bado, akakimbia mpaka dukani, akakuta oda zinaingia kama kawaida na dada yake anamwuliza kichwa kimefanya nini.

Opareta alipoelewa kwamba aliyezama gizani ni yeye peke yake, alivaa viatu vya kanisani akaenda kwa kila mteja kwa miguu. Angeweza kupiga simu. Alisema siku hiyo simu yake ilikuwa imeshasema ya kutosha. Kwa kila mmoja alisimama mlangoni akasema: mimi ndiye nilikuwa nimezima, nyinyi mlikuwa sawa. Athumani alimpokea kwa heshima, akamkaribisha maji, na nadhani ni hapo alipoanza kufikiria kumtafuta mtu mwingine. Simlaumu. Kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa mashine zilizosambaa mahali pengi, na alikuwa na haki ya kuzitaka.

Jioni hiyo Opareta alinipigia. Mimi nilikuwa Voi, nikipaka rangi hoteli moja ya barabarani. Ndivyo nilivyoishi tangu nimalize kidato cha nne: brashi na ndoo, mji huu miezi kadhaa, mji ule miezi kadhaa, nikikumbuka kila mahali nilipotoka na kuchoka na kila mahali nilipofika. Mama yangu alikuwa ameshakata tamaa ya kuniuliza nitatulia lini. Opareta hakuuliza nitatulia lini. Aliuliza niko wapi, nikamwambia.

"Vizuri sana," akasema. "Fungua duka la mikate. Linafunguka huko?"

Nikafungua, nikasema linafunguka. Akakata simu.

Tangu siku hiyo aliniita Kituo. Kanuni yake mpya ilikuwa kwamba kengele ikilia, haiaminiki mpaka mtu aliye mbali aseme hata kwake pamefungwa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikiwa Kitale, nikiwa Isiolo, nikiwa juu ya ngazi Homa Bay na rangi ya samawati mpaka kwenye nyusi, ujumbe uliingia: Kituo, mikate. Nami nilijifuta mkono kwenye suruali, nikafungua, nikaanza kusema peke yangu kule juu, habari za asubuhi, hapa ni simu kuu. Vibarua wenzangu walidhani nina wazimu. Lakini niwaambie ukweli, ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kwamba kuzurura kwangu kulimfaa mtu. Watu wengine wote walitaka nirudi. Yeye alitaka nijue kule niliko mkate unafunguka vipi.

Kuna wakati niliugua malaria Kitale, simu ikazima, nikalala kwenye gesti nimegeukia ukuta. Sikumbuki ni siku ngapi. Ninachokumbuka ni mlango kugongwa na mhudumu wa mapokezi, msichana aliyechoka kabisa, akiniambia kuna mama Nairobi amepiga simu ya mezani tangu jana, amekataa kuambiwa kwamba mgeni amelala, na ameagiza nipelekwe hospitali sasa hivi au atapiga kwa mwenye gesti, na namba anayo. Nilipopata nguvu nikampigia kumshukuru. Alinijibu kwa ukali kwamba alitaka tu kujua kama duka linafunguka Kitale.

Mambo yalibadilika nyumba za zamani za mtaa wetu zilipoanza kubomolewa na tukaambiwa tutafute pa kwenda. Opareta alihamia mtaa wa Pipeline, kwenye jengo refu lililosimama karibu na majirani zake kiasi kwamba jirani wa jengo la pili angeweza kukupitishia chumvi dirishani. Binti ya dada yake ndiye aliyempatia chumba hicho. Kompyuta ikapanda ngazi mgongoni kwa kijana wa mizigo, cherehani ikabaki Ziwani.

Pipeline haina kimya. Chini kuna spika za mwuza viatu, juu kuna kanisa, ubavuni pampu ya maji, na kila mtoto ana rafiki wa kumwita kutoka roshani hadi roshani. Na masikio ya Opareta, yaliyokuwa yameanza kumwacha bila yeye kutuambia, hayakuweza tena kutenga mlio mmoja na mwingine. Jumamosi ya kuamkia Idi, siku ambayo nusu ya Eastlands inaagiza kaimati, tovuti ya duka la mikate ilianguka asubuhi. Ile simu ya kale ilikoroma pembeni yake, na yeye ameketi hapo hapo akichambua maharagwe. Hakusikia. Mwanaisha aliambiwa na mteja aliyefika mpaka dukani kulalamika.

Nilizipata habari hizi kutoka kwa Mwanaisha. Aliniambia Opareta alipoitazama kompyuta na kuona taa nyekundu, hakutafuta kisingizio, ingawa mtandao wa Pipeline ungempa vingi. Alimpigia Mwanaisha simu, akasema: duka lako lilifungwa na mimi sikujua, masikio yangu yameniangusha, naona Athumani alete mtu mwingine. Kisha akakata kabla ya kujibiwa. Na tangu hapo hashiki simu.

Nilikuwa Thika wakati huo. Kesho yake niliweka brashi kwenye mafuta nikaja.

Nilipanda ngazi zile na kubisha hodi kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka. Nikaita jina. Akafungua.

Alikuwa amepungua. Alinikaribisha chai, akaketi kitandani, mimi kwenye stuli, na katikati yetu kompyuta imefunikwa kitambaa cha mezani, kile cha maua alichokuwa akifunikia cherehani. Simu yake ilikuwa juu ya kitambaa. Nikamwuliza Athumani amesema nini. Ilinibidi niulize mara mbili, nikisogea.

"Sijui," akasema. "Sitaki kusikia akinifukuza na hali sisikii. Nitasikia nusu nusu, nitaelewa vibaya."

Hapo nikaelewa kwa nini hashiki. Mtu aliyesikiliza wengine maisha yake yote alikuwa anaona aibu kusema, rudia.

Tulikunywa chai. Aliniuliza Thika kuna rangi gani siku hizi, nikamwambia kijivu, kila mtu anataka kijivu, akasikitika. Simu yake ikaanza kutetemeka juu ya kitambaa. Hakuiona, alikuwa anatazama dirishani, kwenye kamba ya nguo za jirani. Nikaona jina la Mwanaisha.

Sikumwomba ruhusa. Nikaichukua, na sijui ni kitu gani kilinipata, lakini sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ile.

"Habari za asubuhi, hapa ni simu kuu," nikasema, "nikuunganishe na nani?"

Upande wa pili nikasikia Mwanaisha akivuta pumzi kama mtu anayejizuia asicheke au asilie.

"Niunganishe na mteja wangu wa Ijumaa," akasema.

Opareta alikuwa ameshageuka. Alikuwa ananisoma mdomo. Nikamwinamia sikioni, nikaanza kumpitishia maneno kama yalivyokuja, sikuongeza wala kupunguza. Nikamwambia Mwanaisha anasema Athumani amewapata watu wa mashine, na kengele itakuwa yao kuanzia sasa. Akaitikia kwa kichwa, uso wake haukubadilika. Nikamwambia Mwanaisha anasema wale watu ni wazuri, wana taa za kijani za kutosha. Akaitikia tena. Nikamwambia Mwanaisha anasema wamewauliza kama watakuwa wanaagiza mkate kila Ijumaa na kuuonja, wakasema hiyo haimo katika huduma yao.

Hapo hakuitikia. Aliniangalia machoni kuona kama namdanganya.

"Athumani anasemaje?" akauliza.

Nikauliza. Sauti ya Athumani ikatoka nyuma ya dada yake, mbali, karibu na tanuri: "Mwambie mama Ijumaa iliyopita hakuna aliyeagiza jaribio. Page imekuwa hivyo hivyo tu, hatujui iko aje."

Nikalipitisha hilo pia. Chini mwuza viatu alikuwa anatangaza bei, juu kwaya ilikuwa inaanza. Opareta akanyoosha mkono, si kwa simu yake niliyoishika, kwa yangu iliyokuwa mfukoni, maana yake ilikuwa bado inazungumza na Mwanaisha, na yangu ilikuwa na bando la intaneti. Akabonyeza duka la mikate. Akaiweka juu ya kitambaa cha maua, akaketi wima, na akaanza. Habari za asubuhi. Hapa ni simu kuu. Midomo yake ilikwenda polepole, kwa heshima, kama anamhudumia mkubwa. Nami nilitazama kioo. Nikuunganishe. Na nani.

Alisubiri kidogo zaidi, kwa haki.

"Waambie," akasema, akiinua kichwa, "nimemaliza kusema na kioo bado ni cheupe. Wazipunguze uzito zile picha za kaimati. Nitapima tena mchana."